Mtaro Uliopanda Kilima

Mnaoingia kazini mwaka huu, msianze na kompyuta. Anzeni kwa kunawa mikono. Najua mtacheka, maana siku hizi ramani haishikwi, inabofywa. Lakini ipo siku mtatumwa stoo kule nyuma, mfungue bomba la bati, mtoe ramani ya kitambaa iliyochorwa kabla babu zenu hawajazaliwa, na kama mmetoka kula bajia, alama ya kidole chenu itakaa pale mpaka mstaafu. Yangu ipo. Tazameni ramani ya upande wa Mkwiro, pembe ya chini kulia. Lile ni dole gumba la Mwanatumu, msichana wa Msambweni, wiki yake ya kwanza kazini.

Nilikaa kwenye chumba cha kuchorea cha ofisi ya ardhi, hapa Kwale, zaidi ya miaka thelathini. Sikuwa mpimaji. Mpimaji alikwenda uwandani na darubini yake, akaungua jua, akarudi na daftari. Mimi nilikuwa mnakili. Nililaza karatasi angavu juu ya ramani ya zamani, nikapitisha kalamu ya wino juu ya kila mstari, kisha nikaandika majina. Ramani za mashamba makubwa ambayo mkoloni aliwagawia wazungu wake, ya miwa, ya mkonge na ya minazi, zilikuwa zimeanza kuchakaa, na serikali ilitaka nakala zake kabla mchwa hawajazimaliza.

Kazi ile ilikuwa na adabu zake. Kabla ya kutia wino, unapaka unga laini wa chaki juu ya karatasi, unapangusa kwa kitambaa, ndipo wino ushike. Ukikosea, hufuti kwa mate. Unachukua wembe mpya, unakwangua taratibu, halafu unasugua pale kwa ukucha mpaka pawe laini tena, la sivyo wino utasambaa. Msimu wa mvua karatasi hunywa unyevu na kutanuka, kwa hivyo ramani iliyoanzwa mwezi wa tano usiimalize mwezi wa nane bila kuipima upya. Haya hamtayahitaji. Nayasema kwa sababu niliyapenda, na mtu aliyestaafu ana haki ya kusema anachokipenda.

Mkuu wetu wa chumba alikuwa Mzee Nzioka, Mkamba aliyekuja pwani kwa miezi sita na akazeekea hapa hapa. Alikuwa mfupi, mkali, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi wetu tuliozaliwa nacho, jambo ambalo alitukumbusha kila siku. Nilimwogopa, na nilimpenda pia. Alitembea na penseli nyekundu sikioni. Akikuta kosa kwenye mchoro wako hakusema neno, aliweka duara jekundu na kukurudishia. Kulikuwa na siku nilizokwenda nyumbani nikaota maduara.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la kuchekesha. Ramani moja ya zamani ilikuwa na nukta nyeusi katikati ya shamba la mkonge. Alama ya kisima ilikuwa nukta yenye duara. Nikaona nukta, duara siioni, nikasema limefutika, nikalichora na kuandika "Kisima". Mwaka uliofuata timu ilitumwa kukitafuta kisima hicho ili wachimbe upya. Wakazunguka nusu siku kwenye jua. Mzee Suya, aliyewavutia wapimaji mnyororo wa kupimia ardhi, mtu wa Msambweni kama mimi, ndiye aliyeomba kuiona ramani ya asili waliporudi. Akaikwaruza ile nukta kwa ukucha, ikabanduka.

"Bi Tumu," akaniambia, "kisima hiki alikichimba nzi."

Ofisi nzima ilicheka mwezi mzima. Mimi pia nilicheka, maana hakuna aliyeumia isipokuwa miguu ya watu watatu. Sasa naona kwamba kicheko kile kilinidhuru. Kilinifanya nidhani kosa la mnakili ni kitu cha kuchekwa, halafu basi.

Sasa sikilizeni hili jingine.

Nyuma ya Msambweni, ukielekea Bodo, palikuwa na shamba la miwa. Lilikuwa shamba kubwa, lenye mitaro iliyochimbwa kwa jembe na watu wa vijiji vya pale, ili kuyatoa maji ya mvua yasiozeshe miwa. Hati ya mkoloni ilieleza mpaka wa shamba pande zote nne. Upande wa bara, hati ilisema, shamba linakwenda "hadi mtaro mkuu" na kuishia hapo. Juu ya mtaro huo, kwenye mteremko, palikuwa pa watu wa Mvuleni, na nyumba zao na minazi yao. Mzungu hakupataka. Miwa haipendi mteremko wa kokoto.

Nilipewa shamba hilo ninakili. Mzee Nzioka alikuwa likizo kwao Machakos. Ramani ya asili, ile ya kitambaa yenye rangi, ilikuwa stoo, hatua arubaini kutoka kwenye meza yangu. Stoo ilikuwa na popo. Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyowaogopa popo wale. Mezani nilikuwa na chapa ya karatasi iliyotolewa zamani kwa mashine yetu ya kutolea nakala, ile ya amonia iliyotuchoma pua, na nikasema chapa inatosha.

Ambacho sikukijua ni kwamba mashine ile ilikuwa haioni rangi ya samawati. Mstari mweusi iliutoa, mwekundu iliutoa, wa samawati ulipotea kabisa. Na mzungu aliyeichora ramani ile alikuwa amepaka mitaro yote samawati, kama ilivyo desturi ya maji. Upande wa bara hakuweka mstari mwingine wowote wa mpaka, kwa kuwa mtaro wenyewe ndio uliokuwa mpaka.

Kwa hivyo chapa iliyokuwa mezani kwangu ilionyesha shamba lenye pande tatu. Upande wa nne ulikuwa wazi.

Mzee Nzioka alikuwa ametufundisha sheria moja kuliko zote: umbo lazima lifunge. Ukianza pembe moja, ukazunguka, urudi pembe ile ile. Shamba lisilofunga lilirudi mezani na duara jekundu. Mimi sikutaka duara. Nikatazama juu ya ule uwazi, nikaona mstari mweusi mwembamba wa vipande vipande unaopita toka pembe hadi pembe. Nikasoma hati: "hadi mtaro mkuu". Basi nikasema huu ndio mtaro. Nikaupitishia wino mzito wa mpaka, umbo likafunga vizuri, na kando yake nikaandika kwa herufi zangu nzuri kabisa: "Mtaro Mkuu". Mwandiko wangu ulisifiwa hadi Mombasa, na sioni haya kusema. Mzee Nzioka aliporudi alikagua, umbo limefunga, akatia sahihi. Akasema, "Safi." Neno hilo alilitoa mara chache, nami nililibeba hadi nyumbani nikamwambia mama.

Mstari ule mweusi ulikuwa reli ndogo ya matoroli ya kubebea miwa.

Miaka ikapita. Kompyuta zikaja, mashine ya amonia ikauzwa kama chuma chakavu, Mzee Nzioka akastaafu na baadaye akafariki, Mungu amlaze pema. Shamba la miwa lilikufa zamani, likabaki pori. Mtu akalinunua, na nia yake ilikuwa kulikata viwanja vya kuwauzia wafanyakazi wa mahoteli ya Diani na Ukunda. Akachukua nakala ya ramani ofisini kwetu. Ramani ilisema mpaka wa shamba uko juu kabisa ya mteremko. Notisi zikapelekwa Mvuleni: wote waliojenga ndani ya shamba wahame.

Bi Riziki alikuja ofisini na notisi yake kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa mama wa makamo, mpole, amejifunga leso vizuri. Alinisalimu na kuniulizia hali yangu na ya nyumbani kwangu kabla ya kusema shida yake.

"Dada yangu," akasema, "sisi hatukuingia shambani mwa mtu. Marehemu baba alituambia shamba linaishia mtaroni, nasi tuko juu ya mtaro."

Nikamfungulia ramani. Nikamwekea kidole pale palipoandikwa "Mtaro Mkuu". Nyumba yake ilikuwa chini ya mstari ule, ndani ya shamba.

"Ramani ndivyo inavyosema, dada," nikamwambia. "Na ramani hii naijua. Niliichora mwenyewe."

Aliitazama kwa muda mrefu. Akashukuru, akakunja notisi yake, akaenda zake. Nilimhurumia, nikaagiza chai. Niliinywa yote bila wasiwasi wowote.

Miezi miwili baadaye ikaja amri kwamba ramani zote za zamani zipigwe skani. Bosi wetu, kijana msomi ambaye angeweza kuwa mwanangu, alinituma stoo nizikunjue moja moja. Popo walikuwa wamekwisha kufukuziwa mbali. Nikafungua bomba, nikakunjua ramani ya shamba lile, na jambo la kwanza nililoliona lilikuwa samawati. Samawati kila mahali, mitaro midogo ikiingia mitaro mikubwa, na mmoja mpana kuliko yote, chini ya mteremko, ukipita toka pembe hadi pembe. Juu yake, mbali, mstari mweusi wa vipande, na kwa herufi ndogo sana, ambazo chapa haikuzitoa: reli ya toroli.

Nilikaa sakafuni. Sikulia wakati ule. Nikainuka, nikafungua dirisha.

Kwanza nilitaka niwe na hakika, maana mzungu naye angeweza kukosea. Jumamosi nikamwomba Mzee Suya, naye amekwisha kustaafu na magoti yanamsumbua, twende Mvuleni. Hili nataka mlijifunze, kwa sababu skani haitawafundisha. Mtaro hufukiwa lakini hauondoki. Nendeni mwezi wa kwanza, jua la kaskazi limekausha nyasi zote. Mtaona matete yamesimama kwa mstari, mabichi, mahali ambapo hakuna maji ya kuonekana. Mzee Suya aliyafuata matete yale akichechemea, akachomeka panga ardhini. Likazama hadi mpini. Akalitoa likiwa na udongo mweusi wenye harufu ya tope la zamani. Hatua mbili pembeni akachomeka tena, likagonga kokoto. Tulikwenda hivyo kutoka pembe hadi pembe. Mzungu hakukosea.

Halafu akaniambia, "Haya, nionyeshe huo wako."

Nikampandisha mteremkoni, tukaufuata mstari wangu. Palikuwa na tuta la mawe lililozikwa nusu. Linapanda, linazunguka kichuguu, linapanda tena mpaka juu kabisa.

Mzee Suya akaegemea panga akapumua. "Bi Tumu, uliona wapi mtaro unaopanda kilima?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Bi Riziki alitukuta pale. Alikuwa ameona watu wa ofisi, akadhani tumekuja kuhesabu nyumba. Nilimwambia yote, nimesimama, hapo hapo. Nilimwambia kosa ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu, "Kumbe." Akageuka akarudi kwake. Afadhali angenitukana.

Jumatatu nikaenda kwa bosi. Alikuwa mtu mwema, nasema kweli. Akafunga mlango.

"Mama," akasema, "umebakiza miaka minne. Hii ukiisema kwenye kamati, itaingia kwenye faili lako. Tunaweza kusahihisha polepole, kiofisi, bila jina la mtu."

"Kiofisi itachukua muda gani?"

Sote wawili tulijua. Matrekta yalikuwa yameagizwa yaje baada ya mwezi wa Ramadhani.

"Basi nitaisema," nikamwambia. Msidhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimekosa usingizi siku nne na nilitaka kulala.

Kamati ya mipaka ilikaa kwenye ukumbi wa chifu. Wakili wa mwenye shamba alikuwa kijana wa mjini, anazungumza haraka. Aliniuliza mambo mengi, nikayajibu. Niliwakunjulia ramani ya kitambaa, nikaweka nakala yangu kando yake. Halafu akaniuliza:

"Ramani ya asili ilikuwa katika jengo lile lile ulimofanyia kazi. Kwa nini hukuitazama?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema bomba lilikuwa halionekani, au mkuu wangu hakuniagiza. Marehemu hawezi kubisha.

"Niliogopa popo," nikasema.

Ukumbi ukacheka. Hata mwenyekiti aliinamisha uso. Nikamwona Bi Riziki mstari wa tatu, hacheki, ananitazama tu. Aibu niliyoisikia siku ile bado naisikia nikiandika haya.

Mwenyekiti akaahirisha kikao, wote tukaenda uwandani. Mzee Suya akawatembeza wajumbe kwa panga lake. Alipowafikisha juu ya kilima kwenye tuta la reli, aliwauliza swali lile lile aliloniuliza mimi. Kabla ya mfungo kuisha, uamuzi ukatoka: mpaka wa shamba ni mtaro wa chini, notisi za Mvuleni zimefutwa. Nyumba kumi na moja zikabaki mahali pake. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili langu, na nilistahili.

Nilikwenda Mvuleni kuwapelekea nakala ya uamuzi. Watu walinipokea vizuri, walinipa madafu, na nikaanza kujisikia mwepesi. Bi Riziki akasubiri nimalize kunywa.

"Na kaka yangu je?" akaniuliza.

Sikujua kwamba ana kaka. Kulikuwa na nyumba ya kumi na mbili. Mzee Hamisi, kaka yake mkubwa, alikuwa mtu wa kutii sheria. Notisi ilipofika alikwenda mwenyewe ofisini kutazama ramani, siku ambayo mimi sikuwepo, akaonyeshwa na karani. Akarudi nyumbani, akang'oa milango na madirisha, akapakia kwenye lori, akahamia Jego kwa ndugu za mkewe. Hakungoja kufukuzwa. Mvua za mwaka ule ziliangusha kuta zilizobaki.

Nikamfuata Jego. Nilimkuta akipalilia mihogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilijitambulisha na nikamweleza. Nilimwambia anaweza kurudi, ardhi ni yake, karatasi hii hapa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma polepole, akaikunja.

"Mimi nilikuwa na maneno ya baba yangu," akasema. "Lakini nilipoona maandishi yale kwenye ramani, yamenyooka, mazuri, nikasema aliyeandika hivi ana hakika. Mtu asiye na hakika hawezi kuandika namna hii. Nikaona baba ndiye aliyekosea."

"Sikuwa na hakika, Mzee," nikamwambia. "Nilikuwa na mkono mzuri tu."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo hakunionyesha. Alisema mke wake amekwisha kuzoea, kisima kiko karibu, wajukuu wameanza shule. Hatarudi. Miaka sabini alikuwa ameimaliza Mvuleni, na ya kuanza upya mara ya pili hakuwa nayo. Nilipoaga akanisindikiza hadi barabarani, kama ilivyo heshima, akaniuliza kwa sauti ile ile ya upole:

"Uliogopa popo siku moja tu, mwanangu, au kila siku?"

Nikapanda gari nikarudi Kwale na swali lake.

Miaka minne iliyobaki niliitumia kumtafutia jibu. Asubuhi niliwahi ofisini kabla ya wenzangu, nikatoa kila nakala niliyoichora kwa mkono wangu tangu nianze, nikailinganisha na ya asili, mstari kwa mstari. Vijana walidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Nyingi zilikuwa sawa, na kila iliyokuwa sawa nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilikuta mbili nyingine nilizozifunga kwa kubahatisha.

Moja niliiwahi kabla haijamhamisha mtu.